Je, Kuvunjika Moyo Katika Maumivu ni Kukosa Imani?



Wako wenzetu kanisani ambao huamka na maumivu na kulala na maumivu. Sisemi juu ya homa ya wiki moja, wala mkono uliovunjika ukafungwa plasta ukapona. Nasema juu ya mgongo, baridi yabisi ya magoti, selimundu, na miguu ya mwenye kisukari inayowaka moto usiku. Maumivu yakizidi miezi 3 madaktari huyaita sugu, na wengine huishi nayo miaka 20. Wengi wa watu hao mwishowe huingiwa na huzuni nzito, ambayo siku hizi huitwa sonona. Usingizi hupotea, chakula hakina ladha, na hata wimbo walioupenda hauamshi kitu moyoni. Ndipo huja Mkristo mwenzao akasema: "Ungekuwa na imani usingevunjika moyo hivyo."

Je, neno hilo ni kweli? Mimi naona si kweli, tena linadhuru.

Kwanza, tufikiri juu ya dhambi. Dhambi tunayoiungama kila Jumapili ni jambo tulilolitenda, tulilolisema, tulilolifikiri au tulilolikosa kwa kukubali kwetu. Homa haiungamwi. Na sonona inayofuata maumivu iko karibu na homa kuliko na wizi. Njia za ubongo zinazopokea maumivu zimeingiliana na zile zinazotawala usingizi na furaha. Maumivu huondoa usingizi, kukosa usingizi huzidisha maumivu, na vyote viwili humlemea mtu moyo. Ndiyo sababu amitriptilini, iliyoanza kutumika kama dawa ya sonona mwaka 1961, leo hutolewa na madaktari kwa kipimo kidogo kutuliza maumivu ya neva.

Pili, tusome Maandiko. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika kumpa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, na haukuondolewa. Nani atasema hakuwa na imani? Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la furaha, na Kanisa limeiimba vizazi vyote. Anayemlilia Mungu bado anazungumza na Mungu.

Huenda mtu akasema: "Ukimwambia mgonjwa kwamba huzuni yake si dhambi, ataitandika kama mkeka ailalie." Neno hili lina uzito, maana hata mgonjwa ana wajibu. Lakini hebu tuangalie yanayotokea. Anayeambiwa kwamba huzuni yake ni dhambi huificha. Hujibu "Sijambo, namshukuru Mungu" mlangoni pa kanisa, kisha hurudi nyumbani kulia. Na mficha maradhi, kilio humuumbua. Anayeambiwa kwamba ni ugonjwa hupata ujasiri wa kumweleza daktari, na hapo wajibu wake huanza: kunywa dawa kama alivyoagizwa, kuunyoosha mwili kidogo kila siku hata kama ni hatua za kufika mwembeni, na kushika kazi moja anayoiweza, kama kuchambua mchele au kumsomesha mjukuu. Mambo hayo hayaondoi maumivu, lakini yanayazuia yasitawale siku nzima.

Na sisi tulio wazima? Cicely Saunders, Mwanglikana aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967. Aliwahudumia hasa watu waliokaribia kufa, akafundisha kwamba maumivu yao ni ya mwili, ya moyo, ya riziki na jamaa, na ya roho, yote kwa pamoja. Fundisho hilo linamfaa pia anayeumwa na atakayeishi. Daktari atashughulikia mwili. Lakini ni nani atakayeketi naye?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nasi twapeleka uji, lakini wiki ya kwanza tu. Mwaka wa tano hakuna anayebisha hodi, na anayebisha huja na mahubiri. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba kimya, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa. Mwishowe Bwana aliwakasirikia wao, akasema kwamba Ayubu, yule mlalamikaji, ndiye aliyenena sawasawa.

Basi, tunapokwenda kumtazama mwenzetu, tumwulize usiku ulipitaje, kisha tusikilize mpaka amalize. Tukimsikia akisema kwamba afadhali afe, tusimkemee wala tusigeuze maneno. Tumwulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru, tusimwache peke yake, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo, tukimwarifu na kasisi. Asiyeweza kuja kanisani apelekewe Ushirika Mtakatifu nyumbani, si mwezi huu tu bali kila mwezi.

Na wewe unayesoma haya kitandani, sala yako ikiwa ni kuugua tu, usidhani haijafika. Bwana wetu naye alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa.

Mungu atujalie uvumilivu wa kuumwa, na uvumilivu wa kuketi na wanaoumwa. Amina.