Deni la Harusi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: enyi ndugu zangu mnaochuma Kariakoo, jueni ya kwamba ndoa haibarikiwi kwa riba. Kijana huitwaa ile mikopo iitwayo kausha damu apate kuwalisha watu pilau. Kesho yake wageni hawapo, na mwenye kudai yu mlangoni. Je, mke amekosa nini hata aanze maisha kwa kudaiwa?

Mahari ni haki yake kwa hukumu ya Sura ya Nisaa, aya ya 4. Walima ni sunna, hata ukiwa mdogo. Soko kuu lilipoungua Julai 2021, mali za wengi ziliteketea kwa usiku mmoja. Basi weka akiba mbali na duka. Ukicheza upatu, kila mtu na apokee kadiri atoavyo. Ukikopa, andika, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Baqara, aya ya 282, na mkeo ajue. Deni halifi na mwenyewe: hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Usiwapunguzie wanao haki yao kwa pilau ya siku moja.

Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali yake. Amin.