Kiama cha Dakika Saba

Ukitaja sinema ya kutisha, hasa ile inayotuonyesha dunia baada ya kuangamia, watu wengi huwaza mara moja moto, majengo yaliyobomoka, maiti zinazotembea na shujaa mwenye bunduki. Swali wanalouliza ni moja tu: je, atapona? Si swali baya. Ndilo linalomfanya mtu asahau hata karanga alizoshika mkononi.

Lakini hebu tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Sinema ndefu ina saa mbili za kututisha. Sinema fupi ina dakika saba, au ishirini na kitu, basi. Haina muda wala fedha za kulipua miji. Sasa taharuki yake inaitoa wapi? Jibu langu ni kwamba inaitoa kwenye deni. Sinema fupi iliyo nzuri haisumbuki sana kutuuliza kama mtu atapona. Inatudokezea mapema kuwa huenda asipone, halafu inauliza: kabla hajaondoka, anadaiwa nini, na nani anamdai? Hapo burudani imekwisha. Tumeingia kwenye maadili.

Tuanze na *Cargo*, sinema ya dakika saba iliyotengenezwa Australia mwaka 2013 na Ben Howling na Yolanda Ramke. Baba anazinduka ndani ya gari lililopata ajali. Mkewe amekwisha geuka zimwi. Mtoto wao mchanga yu hai. Baba naye ameng'atwa, na anajua kitakachofuata: muda si mrefu atageuka, na wa kwanza kuliwa atakuwa mwanawe mwenyewe. Anafanyaje? Anambeba mtoto mgongoni, anajifunga mikono, kisha anatundika nyama kwenye kijiti mbele ya uso wake. Akili ikishapotea, miguu itaendelea kuifuata nyama ile, na mtoto ataendelea kubebwa.

Tazama taharuki inavyojengwa hapo. Maneno ni machache mno. Kuna hatua, jua, na mtu anayebadilika mbele ya macho yetu. Hofu yetu haitokani na zimwi lililojificha kichakani, maana zimwi ndiye mbebaji mwenyewe! Na swali lake ni zito: je, mtu anawajibika kwa yale atakayoyatenda akiwa si yeye tena? Wengi wetu tungesema hapana, asiye na akili timamu halaumiwi. Baba huyu anaikataa nafuu hiyo. Ni kama mlevi anayeujua ulevi wake, akamkabidhi mkewe mshahara kabla hajaenda kilabuni. Wajibu wake ameutimiza mapema, wakati angali na akili ya kuutimiza.

Mfano wa pili uko jirani zaidi. *Pumzi* ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inatupeleka miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, ambayo ilikuwa vita ya maji. Watu wa Maitu, Afrika Mashariki, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Mkojo na jasho husafishwa na kuwa maji ya kunywa. Ndoto nazo hukandamizwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo usio na sumu, anapanda mbegu ndani yake, nayo inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, wakubwa wanakataa. Anatoroka kwa msaada wa mwanamke mfanya usafi, akiwa na mche wake jangwani.

Hapa saa ya taharuki ni chupa ya maji. Kila tone analokunywa Asha, mche umelikosa. Kila tone analoupa mche, yeye amelikosa. Mtazamaji anajikuta akipiga hesabu bila kuambiwa. Na kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya madumu tangu alfajiri, hesabu hiyo wala si ya siku za usoni. Anaipiga kila siku. Mwishowe Asha anaumwagilia mche maji yake ya mwisho na hata jasho lake, kisha anaukinga jua kwa mwili wake. Anamlipa nani? Watu ambao hawajazaliwa, wasiojua hata jina lake. Hawawezi kumdai, wala hawatamshukuru.

Sasa mtu atanikatiza: "Ah, bwana we! Kumbe unatufundisha kuwa wema ni kufa tu?" Pingamizi hilo lina uzito. Sanaa inayosifu kujitoa mhanga ikizidi, wenye nguvu huipenda sana, maana huwarahisishia kuwaambia wanyonge wafe kwa faida ya wengine. Ndiyo maana nauleta mfano wa tatu.

Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alitengeneza *La Jetée*, dakika 28, karibu yote kwa picha zisizosogea. Sehemu moja tu inasogea: mwanamke anafumbua macho. Paris imeteketea kwa vita, walionusurika wako chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anatumwa kwenye nyakati nyingine kutafuta msaada. Anafika hadi wakati ujao, analeta nishati ya kuokoa watu wake. Deni amelilipa. Malipo yake? Walinzi wake wanapanga kumwua. Watu wa wakati ujao wanamkaribisha kwao, naye anaomba kitu kingine: arudishwe utotoni, kwa mwanamke yule. Anarudi, na mauti yanamkuta palepale kiwanjani Orly.

Je, tumlaumu? Mimi simlaumu. Aliyekwisha wapa wenzake kilicho chao ana haki ya kutaka kitu kidogo kilicho chake. Tena angalia tofauti: baba na Asha walichagua wenyewe, mfungwa alilazimishwa. Kwa hiyo uzuri wa kitendo cha Asha hauko katika kufa kwake. Uko katika kuamua bila kuamrishwa, tena kinyume cha amri. Hata yule mfanya usafi aliyemsaidia kutoka ni mwema, ingawa kamera haikumfuata jangwani.

Kuna hofu inayokwisha zimwi likiuawa. Tunatoka tukicheka, tumebaki vilevile. Hofu ya sinema hizi fupi inatufuata nyumbani, kwa sababu si lazima kiama kije ndipo tudaiwe. Maji yanapungua, misitu inakatwa, na watakaoyakosa maji hayo hawajapata sauti ya kulalamika. Chupa iko mikononi mwetu sasa hivi. Wewe, msomaji, utakunywa ngapi, utabakiza ngapi?