Uvumilivu Unaookoa Jino

Wahenga walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa, na kwa zama zao walisema kweli. Hawakuwa na sindano ya ganzi wala picha ya eksirei, na kung'oa ndiko kulikokuwa huruma pekee waliyoweza kumfanyia mgonjwa. Sisi tuna njia ya pili. Hata hivyo, wengi wetu tunaingia kwa daktari wa meno tukiwa tumeshajihukumia: "Daktari, ling'oe tu nipumzike."

Anayesema hivyo simshangai. Katikati ya jino kuna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kuta zake ni ngumu pande zote. Kidole kikiumia huvimba kikapata nafasi, lakini kiini cha jino hakina pa kuvimbia. Usiku mtu akilala, damu huzidi kwenda kichwani, shinikizo hupanda na jino hupwita. Atasukutua maji ya chumvi, atabana karafuu kwenye tundu, atameza vidonge, na kutakucha hajafumba jicho.

Kisha siku moja maumivu hukoma yenyewe. Nyumba nzima hushukuru, kumbe mara nyingi ndipo ugonjwa umeingia ndani zaidi. Kiini kimekufa, ndiyo maana hakilalamiki tena. Vijidudu vilivyomo hupenya kwenye ncha ya mzizi, vikafika kwenye mfupa wa taya, na baada ya muda shavu huvimba au kipele cha usaha huchomoza kwenye ufizi. Antibiotiki za duka la dawa zinaweza kupunguza uvimbe, lakini chanzo haziking'oi: dawa husafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki.

Jambo hili limenifanya niufikirie upya uvumilivu, sifa tunayoipenda mno katika malezi yetu. Mama aliyekesha na jino huamka alfajiri akawasha jiko na kupika chai ya watoto, nasi tunamsifu kwa kutolalamika. Nilipomsihi shangazi yangu aende hospitali, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, maumivu ni ya kuvumilia, na likizidi litang'olewa." Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo tulivyofundishwa wengi. Tunaweza kubeba maumivu kwa miezi, lakini kukaa kwenye kiti cha daktari na kurudi tena siku iliyopangwa hatukuhesabu kuwa ni uvumilivu. Mimi naamini huo ndio uvumilivu wenye tija.

Gego langu la chini lilipotoboka hadi kwenye kiini, daktari alinionyesha picha yake na kunieleza kwamba mzizi unatibika. Alinichoma ganzi, akalizungushia jino kipande cha mpira ili mate yasiingie, akafungua tundu juu yake. Magego ya chini kwa kawaida huwa na mizizi miwili na mifereji mitatu, na kila mfereji ulipaswa kutafutwa, kupimwa urefu, kukwanguliwa kwa visindano vyembamba na kuoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Mifereji ilipokuwa safi ilijazwa gatapecha, aina ya mpira inayotokana na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwisho jino likavishwa kofia, kwa sababu gego lililochimbwa ni rahisi kupasuka. Kwa ganzi ile sikusikia maumivu. Kilichotakiwa kwangu kilikuwa utulivu, na kurudi hata baada ya kujisikia nimepona.

Mtu atauliza, jino lisilo na kiini lina faida gani? Mzizi wake bado umeshikwa na nyuzi hai zinazouunganisha na mfupa, na nyuzi hizo huhisi. Ndizo zinazotujulisha kuna chembe ya mchanga kwenye mchicha kabla hatujaiuma kwa nguvu. Jino la bandia lililopandikizwa kwenye taya halina nyuzi hizo. Na likibaki pengo tupu, mara nyingi meno jirani huegemea, jino la upande wa pili hurefuka kulielekea, na mfupa wa mahali pale hupungua.

Yapo meno ambayo kuyang'oa ndiyo tiba: lililopasuka hadi mzizini, au lililolegea kwa sababu mfupa wake umeliwa. Daktari akisema hivyo baada ya kupima, tumsikilize. Lakini wapo wanaong'olewa meno yanayotibika kwa sababu kutibu mzizi kunagharimu mara kadhaa ya kung'oa, na wilayani kwao hakuna vifaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mkulima anayechagua kung'oa ili abaki na ada ya mtoto. Naililia jamii inayomwachia chaguo hilo moja, na naamini bima na hospitali za wilaya zinapaswa kulihesabu jino kuwa kiungo cha mwili.

Yaliyo mikononi mwetu tuyafanye. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo litang'oka, wakaliacha lioze. Lipigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi, likitoboka lizibwe mapema, na huenda mzizi wake usihitaji kutibiwa kamwe.

Na ukimwona mtu wa nyumbani kwako ameshika shavu, usiishie kumpa pole. Fuatana naye, muulizeni daktari kama jino linaweza kuokolewa, na siku ya kurudi ikifika mhimize aende, hata kama tangu juzi haliumi tena.