Si Walikufa Tu?

Kila nikitaja Buta mbele ya vijana, swali ni lile lile: upendo huo uliwasaidia nini? Si walikufa tu?

Kwa wasiojua, Buta ni seminari ndogo kusini mwa Burundi, eneo la Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, katikati ya vita vilivyoanza 1993, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa 40, Wahutu na Watutsi pamoja.

Mimi ni Mkristo na ninashughulika na vijana wa kambini, Wakongo na Warundi, kwa hiyo swali hilo siwezi kulikwepa. Na silipendi lile jibu la haraka la kwenye spika za Jumapili, kwamba upendo hushinda yote, amina, sasa tutoe sadaka. Siku ile upendo haukuzuia risasi. Mama aliyepoteza mtoto Buta, ukimwambia upendo umeshinda, ana haki ya kukutazama tu bila kukujibu.

Lakini angalieni ile amri. Wenye bunduki walikuwa na nguvu zote, ila kitu kimoja kiliwapungukia: hawakujua nani ni nani. Kirundi ni kimoja, sala moja, bweni moja. Kazi ya kutenganisha walitaka wanafunzi wenyewe waifanye. Ukatili ndivyo ulivyo, unatafuta msaidizi. Unataka jirani aonyeshe nyumba, mwanafunzi amnyooshee kidole anayelala kitanda cha pili. Msaada huo pale Buta haukupatikana. Waliouawa waliuawa, lakini hakuna aliyemtoa mwenzake. Kwangu mimi hiyo ndiyo nguvu ya upendo, na siidai zaidi ya hapo.

Tena tusidhani ushujaa huo uliwashukia usiku mmoja. Mkuu wa seminari, padri Zacharie Bukuru, alinusurika, naye ameeleza jinsi walivyokuwa wakizungumza wazi juu ya ukabila wakati vita vinaendelea nje, wakicheza na kusali pamoja. Ndugu zetu wa mashirika, msinichukie: semina ya amani ya siku mbili, pamoja na soda, haifiki huko.

Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, mimi ningejitenga. Nina mama." Sikumlaumu. Hata Petro aliogopa akamkana Yesu, na bado alipokelewa.

Hapa kwetu amri ile inakuja bila bunduki. Inakuja bombani, kwenye foleni ya chakula, uwanjani. Wiki hii tunapanga timu za mpira, na tayari wapo waliokuja kuniomba Warundi wacheze peke yao na Wakongo peke yao, eti ndiyo wataelewana vizuri. Nimewaambia majina yote yataingia kwenye kofia moja, tutapiga kura.