Karatasi ya Daktari

Msomaji, jifanye kuwa wewe ndiwe usimamaye nyuma ya meza ya kemisti katika mtaa wa Mowlem, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Jua limekwisha kutua. Mama aingia, mgongoni ana mtoto wa miaka miwili mwenye homa na kikohozi. "Daktari," asema, maana hapo kila auzaye dawa huitwa daktari, "niuzie amoksilini nne tu. Nina shilingi hamsini." Karatasi ya daktari hana. Je, utampa?

Sheria imekwisha kukujibia. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika Kenya mwaka 1957, nayo yaamuru kwamba dawa za namna hiyo zisiuzwe ila kwa karatasi ya tabibu, na kwamba cheti cha msimamizi wa duka kitundikwe mahali pa kuonekana na watu. Wengi hushangaa kuona dawa na sumu zimeunganishwa katika jina moja. Mimi sishangai, aghalabu ndugu hawa wawili hutofautiana kwa kipimo tu.

Lakini sheria haina masikio ya kusikia kikohozi, nawe unayo. Moyo wako utauliza: vidonge vinne vitadhuru nini? Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo aliyejinunulia dawa hiyo, akaitumia kidogo kuliko ipasavyo. Vijidudu havikufa, bali vilijifunza kuistahimili. Vikamwingia mkewe, naye dawa haikumfaa, akafa. Mtu huyo alikuwa wa kubuni. Leo yuko katika kila mji. Mowlem watu wengi hukaa katika vyumba vilivyobanana, hupanda ngazi moja na kuteka maji mfereji mmoja, wala kikohozi hakibishi hodi. Basi huruma yako kwa mama huyu huenda ikalipwa na mama mwingine usiyemjua.

Hapo utasema, "Nisipouza mimi, atauza jirani." Naam, atauza. Lakini kwa hoja hiyo hata mwizi aweza kujitetea. Iliyo nzito zaidi ni hoja ya mama mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Ikiwa ananyimwa dawa kwa kukosa daktari, daktari wake yuko wapi? Sina jibu la kumnyamazisha, wala sidhani kwamba anastahili kunyamazishwa.

Haya siyatungi. Jioni hiyo nilikuwa wa tatu katika foleni. Muuzaji alikataa, ila hakuishia hapo. Alizunguka meza, akamfunua mtoto kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa umri ule mwenye kikohozi akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hushukiwa kuwa na kichomi. Huyu alipumua mara 52. Muuzaji akazima taa, akafunga duka kabla ya wakati, akafuatana na mama mpaka hospitali.

Sisi wateja wawili tuliobaki tulivuka barabara, tukaingia kwa jirani. Nami sikuulizwa karatasi.