Joto Lipotealo ni Juu ya Nani?

Ndugu zetu wa pwani, ambao maji ya bombani huwatosha kuoga mwaka mzima, huenda wakaliona swali hili kuwa dogo. Lakini wengi wetu tuna watoto na jamaa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Pumwani, ambako Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920, na Buruburu, Umoja na Donholm. Huko, alfajiri ya mwezi wa Julai, baridi ya maji ya udhu hupenya mifupani.

Kupasha lita 100 katika tangi la umeme, kutoka digrii 20 hadi 60, hula karibu yuniti 4.7. Hiyo ni haja, wala haina lawama. Lakini tangi lisilovikwa hutoa joto usiku na mchana, watu wakiwa kazini au wamelala. Likipoteza wati 60 tu mfululizo, kwa siku 30 ni yuniti 43 zilizopasha ukuta. Matangi mapya mengi huja yamekwisha kuvikwa ndani. La zamani liwekee kiganja, na ukihisi uvuguvugu ujue fedha zatoka. Dawa yake ni blanketi la pamba ya kioo, na kulivika bomba la maji moto pia. Ila nyaya, themostati na valvu ya usalama ziachwe wazi. (Mwenye shawa ya umeme hana tangi, basi haya hayamhusu.)

Sasa, gharama hii ni juu ya nani? Tangi ni la mwenye nyumba, na umeme hununuliwa na mpangaji. Huyu husema, "Mimi sipati hasara." Yule husema, "Sitengenezi mali ya mtu, nami kesho nahama." Na joto laenda bure miaka kumi.

Mimi naona mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuulizwa. Kupokea kodi ya kitu kimlacho mwenzio kila siku, nawe wajua, kwakaribia kuuza bidhaa yenye ila iliyofichwa. Wala mpangaji asijitetee kwa kusema, "Nalipa mwenyewe," kwani israfu yakatazwa hata katika maji ya udhu. Na anunue blanketi kwa mapatano ya kukatwa katika kodi, yaandikwe. Mwenye nyumba akikataa, anunue vivyo hivyo. Siku ya kuhama hulifungua akaenda nalo.