Sauti Iliyonyooshwa

Zamani kijana wa Songea mwenye ndoto ya kurekodi aliota safari ya Dar es Salaam. Siku hizi studio imo mfukoni: tangu 2011, programu kama FL Studio Mobile na GarageBand zimeingia katika simu. Hilo si jambo la kulilia. Linalonisumbua ni lingine. Mashine ikiinyoosha sauti, ni nani aliyeamua kwamba ilikuwa imepinda?

Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997, ni kazi ya Andy Hildebrand, mtaalamu aliyekuwa akitafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti. Kwa kawaida programu za namna hiyo huisogeza sauti hadi kwenye noti iliyo karibu, miongoni mwa zile 12 za piano. Lakini ilimba ya Wagogo haikutegwa kwa piano. Kwa kipimo hicho hata marehemu Hukwe Zawose angesahihishwa!

Wimbo wa mapenzi upakwe poda, sina ugomvi. Ila mtu anayerekodi lizombe ya bibi yake ili wajukuu waisikie, kisha akaiacha simu imsahihishe bibi, amesema uongo ingawa hakubadili neno hata moja.

Utaniambia, msomaji, kwamba kisahihishi huzimwa. Ni kweli. Lakini atakayekizima ni yule aliyekwisha kuusikia wimbo huo Peramiho au Mshangano, kwa kinywa cha mtu, kabla ya kuusikia simuni.